Kwa nini mtoto amwambie mtu baki, na mzazi upo?

NOVEMBA 2004, katika mitaa ya jiji la Washington, Marekani, mwanamume mmoja alikuwa akiwasimamisha wapita njia asiowajua na kumpa kila mmoja kadi ya posta. Kadi ilikuwa imeshachapwa anwani ya nyumbani kwake, na nafasi iliyobaki iliachwa tupu.

Ombi lake lilikuwa fupi. Andika siri moja. Iwe ya kweli, na iwe ambayo hujawahi kumwambia mtu yeyote. Usiweke jina. Kisha itie posta.

Mtu huyo anaitwa Frank Warren, wakati huo mkazi wa Germantown, katika jimbo la Maryland. Hakuwa padri wala daktari wa magonjwa ya akili. Alikuwa mfanyabiashara mwenye kampuni yake ndogo, na shughuli ile ya kadi aliifanya kama kazi ya sanaa. Alikuwa amechapisha kadi 3,000.

Mtu angetegemea kadi hizo ziishie kwenye mapipa ya taka. Lakini zilianza kurudi. Warren akazitundika kwenye maonyesho ya sanaa mjini Washington ili watu wazisome. Maonyesho yakaisha, akaacha kugawa kadi, akadhani shughuli imekwisha. Kadi zikaendelea kuja. Sasa watu walikuwa wanajitengenezea wenyewe: wanachora, wanabandika vipande vya picha na magazeti, wanaandika mstari mmoja au miwili, wananunua stempu na kuzituma.

Mwanzoni mwa 2005 alianza kuziweka kwenye intaneti, kadi chache kila Jumapili, kwa jina la PostSecret. Mwaka huohuo kitabu cha kwanza cha kadi hizo kikatoka. Kufikia 2012 alikuwa amepokea zaidi ya nusu milioni, na mwaka 2015 jumba la makumbusho ya posta la taifa mjini Washington liliandaa maonyesho yake.

Kwa mzazi anayesoma habari hii, idadi hiyo inazua swali. Watu hawa wote walikuwa na mama, baba, dada, mume, mke au rafiki. Wengi walikuwa wanaishi nyumba moja na watu wanaowapenda. Kwa nini mtu ampite mama yake aliyeko jikoni, aende hadi posta, anunue stempu, amwambie mtu baki jambo zito kuliko yote maishani mwake?

Mlango wenye matundu

Kati ya kadi ambazo Warren amezisimulia mara nyingi, ipo moja yenye picha ya mlango wa chumba cha kulala. Mlango umevunjwa, una matundu. Aliyeituma alieleza kwamba matundu hayo yalitokana na siku mama yake alipokuwa akijaribu kuuvunja mlango ili aingie aendelee kumpiga.

Warren aliiweka kadi hiyo kwenye ukurasa wake. Kilichofuata hakukitarajia. Watu wengine wakaanza kumtumia picha za milango yao wenyewe. Kila mmoja alikuwa na mlango wake uliovunjika, na hadithi ya nyuma yake.

Hapo ndipo inapoonekana kazi ya sanaa ya namna hii. Mtoto anayepigwa kupita kiasi, anayeguswa na mtu mzima vibaya, anayekojoa kitandani akiwa na miaka 13 au anayejichukia akijitazama kwenye kioo, huamini kwamba yuko peke yake duniani. Aibu humwambia kwamba nyumba za wenzake zote ziko sawa isipokuwa yake. Anapoona mlango wa mwingine una matundu, aibu ile hupungua nguvu, hata kama hajasema neno.

Kadi nyingine hazikuwa na uzito huo. Kuna mfanyakazi wa duka la kahawa aliyekiri kwamba wateja wenye kiburi huwapa kahawa iliyotolewa nguvu yake, bila wao kujua. Zipo za kuchekesha, za mapenzi na za hasira. Lakini zile zinazorudi mara kwa mara ni za upweke, za kuumizwa nyumbani, na za kutotamani tena kuishi.

Si Warren peke yake

Warren hakuwa wa kwanza. Mwaka 1980, msanii Allan Bridge wa New York alibandika matangazo mitaani akiwaalika watu wapige simu na kuomba radhi kwa lolote walilolitenda, bila kutaja majina. Upande wa pili kulikuwa na mashine ya kurekodi sauti. Bridge mwenyewe aliwahi kuwa na tabia ya kuiba madukani, na shughuli ile aliianza akiwa na mzigo huo wa kwake.

Walipiga wezi na wahuni, lakini walipiga pia watu wa kawaida waliomkosea mzazi, mke au ndugu. Baadaye wapigaji wakaweza kusikiliza radhi za wenzao. Bridge aliiendesha simu hiyo kwa miaka 15, hadi alipofariki katika ajali ya majini mwaka 1995.

Mwaka 2011, msanii Candy Chang alichukua nyumba iliyotelekezwa mjini New Orleans, akaupaka ukuta wake rangi ya ubao wa darasani na kuandika mstari ulioanza kwa maneno "kabla sijafa nataka…", ukaachwa wazi ili mpita njia aumalizie kwa chaki. Alikuwa amefiwa na mtu aliyempenda sana, na hakujua huzuni ile aiweke wapi. Kuta za namna hiyo zimetengenezwa na watu wengine katika nchi zaidi ya 70.

Mwaka uliofuata, mjini Las Vegas, Chang alijenga vibanda vidogo vyenye pazia mithili ya vile vya kupigia kura. Mtu aliingia peke yake, akaandika ungamo lake kwenye kibao cha mbao, akakiacha. Vibao hivyo vilitundikwa ukutani bila majina. Katika hilo alijifunza kutokana na mahekalu ya Japani, ambako watu huandika dua zao kwenye vibao na kuvitundika, na pia kutokana na kitubio cha Wakatoliki.

Mwaka 2018, yeye na mwandishi James A. Reeves walifanya kazi nyingine katika jumba la makumbusho la Rubin, New York. Wageni walipewa kadi za aina mbili: moja ya kuandika sababu ya wasiwasi wao, nyingine sababu ya matumaini yao. Zilikusanywa kadi zaidi ya 50,000.

Na kuna Matthew Chavez, kijana aliyeweka meza na viti kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi mjini New York mwaka 2016. Alianza na daftari ambalo yeyote aliweza kuandika siri yake. Baada ya uchaguzi mkuu wa Novemba mwaka huo, aliweka vikaratasi vya kubandika na kalamu. Watu waliokuwa wakienda kazini na kurudi wakasimama, wakaandika, wakabandika, hadi ukuta mrefu wa njia ya abiria ukafunikwa.

Ukiwatazama wote hawa, hakuna aliyetoa dawa wala ushauri. Kila mmoja aliandaa mahali, akauliza swali, akanyamaza.

Kwa nini mtu baki?

Waswahili husema siri ya mtungi aijuaye kata. Aliyomo ndani ndiye anayejua. Na hata aliyomo ndani huwa anatafuta njia ya kusema bila kusema. Kwa vizazi vingi, wanawake wa pwani yetu wamezungumza kwa kanga: maneno yaliyoandikwa kwenye nguo yakamfikia jirani, mume au mke mwenza, na mvaaji hakufungua kinywa. Haja ya kuutua mzigo bila kuonekana si ya Wamarekani tu.

Mtu baki ana sifa moja ambayo mzazi hana: hakuna kinachobadilika baada ya kumwambia. Hatakuwepo mezani wakati wa chakula cha usiku. Hatakutazama kesho kwa jicho lingine. Hatasema, "Ndiyo maana." Hatampigia simu mjomba.

Mtoto anajua kwamba akimwambia mama yake, kuna mambo yatafuata. Huenda mama akalia. Huenda baba akapiga. Huenda wote wawili wakalaumiana, na mtoto akajiona ndiye aliyewasha moto. Kijana wa miaka 15 hupima haya yote kwa sekunde chache, kisha hujibu, "Niko sawa."

Utafiti nao unasaidia kuelewa. Mwaka 2017, Michael Slepian wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzake walichapisha uchunguzi kuhusu siri ambazo watu hubeba. Waligundua kwamba mtu wa kawaida huwa na siri za aina 13 hivi, na kati ya hizo, tano hajawahi kumwambia mtu yeyote. Jambo la kushangaza ni kwamba kinachochosha zaidi si kazi ya kuificha siri mbele za watu, bali kukaa nayo kichwani unapokuwa peke yako. Mtu yuko darasani, yuko kwenye daladala, yuko kitandani, na akili inarudi palepale.

Kabla ya hapo, mwaka 1986, James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti wao kuhusu wanafunzi wa chuo. Waliwaomba waandike kwa dakika 15 kila siku, kwa siku nne, kuhusu jambo lililowaumiza zaidi maishani. Mara tu baada ya kuandika, wengi walijisikia vibaya zaidi. Lakini katika miezi sita iliyofuata, walioandika tukio pamoja na hisia zao walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida.

Kwa hiyo kadi ya posta si mchezo. Kuliweka jambo kwenye maneno, hata yasomwe na mtu usiyemjua, kunapunguza uzito.

Pale kadi inapoishia

Lakini hapa ndipo mzazi anapotakiwa kusoma kwa makini, kwa sababu jambo hili lina upande wa pili.

Septemba 2011, Warren alizindua programu ya simu ya PostSecret. Sasa mtu hakuhitaji stempu wala gundi. Aliweza kuandika siri na kuituma palepale, na wengine wakamjibu. Siri zilimiminika. Miezi michache tu baadaye, mwanzoni mwa 2012, Warren aliifunga. Baadhi ya watumiaji walikuwa wanaweka picha chafu, matusi na vitisho, na kazi ya kuwadhibiti ilikuwa imemshinda yeye na wenzake.

Watu walikuwa walewale na siri zilezile. Tofauti ilikuwa kwamba kadi ya posta ilipitia mikononi mwa mtu mmoja aliyesoma kila moja kabla ya kuionyesha kwa wengine. Programu ilifungua mlango kwa yeyote. Mtoto anayemwaga siri zake usiku kwenye kundi la mtandaoni ambako hakuna mtu mzima anayeangalia, hajui anayemjibu ni nani. Anaweza kuwa kijana mwenzake mwenye huruma. Anaweza kuwa mtu mzima anayetafuta mtoto mpweke.

Upande wa pili ni mzito zaidi. Kadi isiyo na jina haiwezi kujibiwa kwa mguu. Warren alisoma kadi za watu walioandika kwamba hawataki tena kuishi, na hakuwa na njia ya kubisha hodi kwao. Hili alilijua vizuri kwa sababu alikuwa pia akijitolea kupokea simu kwenye namba ya msaada kwa watu wanaofikiria kujiua. Kupitia kazi yake ya kadi, zaidi ya dola milioni moja zimepatikana kusaidia juhudi za kuzuia vifo hivyo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na miongoni mwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hicho ni chanzo cha tatu cha vifo. Kwetu, hofu ya kusema imeongezewa uzito na sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya nayo ilikuwa hivyo hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Familia nyingi zimejifunza kufunga mdomo: tusiseme, tutaaibika, polisi watakuja.

Mtoto anayekua ndani ya ukimya huo anajifunza kwamba kuna maumivu yasiyotajwa. Mficha maradhi, wazee walisema, kifo humuumbua. Hapo mtu baki hafui dafu. Anaweza kupokea siri, lakini hawezi kukaa kando ya kitanda. Anayeweza ni yule anayelijua jina la mtoto na anayejua chumba anacholala.

Mzazi anaweza kuchukua nini hapa?

Hakuna haja ya kupaka ukuta wa sebuleni rangi ya ubao. Mambo ambayo wasanii hawa waliwapa watu wasiowajua ni machache, na karibu yote yanawezekana nyumbani.

La kwanza ni sekunde za mwanzo. Kadi ya posta haishtuki. Mzazi hushtuka, na mtoto huusoma uso wake kabla ya kusikia neno. Tazama mfano huu.

"Mama, nimefeli hesabu."

"Nilijua! Si nilikwambia hiyo simu itakumaliza?"

Mazungumzo yameisha. Pengine hesabu haikuwa habari yenyewe. Watoto wengi huanza na jambo dogo kupima maji, wakiona hali ni shwari ndipo walete lile kubwa. Sasa tazama huu.

"Mama, nimefeli hesabu."

"Asante kwa kuniambia, mwanangu. Njoo ukae. Ilikuwaje?"

Adhabu, kama inahitajika, itakuwepo kesho. Simu inaweza kuchukuliwa Jumamosi. Lakini dakika hii mama amenunua nafasi ya kusikia sentensi ya pili, na sentensi ya pili ndiyo mara nyingi yenye uzito.

La pili ni kutunza alichokisema. Hapa wazazi wengi huanguka bila kujua. Binti anamweleza mama kwamba amevunja ungo, au kwamba kuna mvulana anamsumbua. Jioni anamsikia mama akimsimulia shangazi kwa simu huku akicheka. Kijana anamwambia baba kwamba anaogopa giza, na wiki ijayo baba anamtania mbele ya wageni. Kwa mzazi ni hadithi tamu ya mtoto wake. Kwa mtoto ni siri iliyobandikwa ukutani huku jina lake likiwa limeandikwa juu. Kundi la familia la WhatsApp si mahali pa siri za mtoto. Kama kuna mtu mwingine anayelazimika kujua, mtoto aambiwe kwanza ni nani na kwa nini.

La tatu ni kuuliza na kunyamaza. Wasanii wale waliuliza swali moja lililo wazi, wakaacha nafasi. Mzazi huuliza, "Shule vipi?" akajibiwa "Poa," kisha akaanza kuhutubia. Jaribu swali lisilojibika kwa neno moja: ni kitu gani leo kilikukera? Kuna jambo unatamani ningelijua bila wewe kuniambia? Kisha subiri. Kimya cha dakika mbili hakiui.

Inasaidia pia kutotazamana. Watoto wengi, hasa wavulana, huongea wakiwa wameshika kazi: kuchambua mchele, kumenya viazi, kuosha pikipiki, kutembea pamoja kwenda dukani. Mikono ikiwa na shughuli na macho yakiwa kwingine, mdomo hufunguka.

La nne ni karatasi. Yapo mambo yasiyotamkika hata kwa mama mwenye subira. Nunueni daftari moja la kawaida, liwe la mzazi na mtoto huyo tu. Mtoto anaandika anachotaka, analiweka chini ya mto wa mzazi. Mzazi anajibu kwa maandishi, analirudisha. Masharti yawe machache: hakuna kusahihisha tahajia, hakuna kulizungumza kwa sauti mpaka aliyeandika aombe, hakuna mwingine kulisoma. Huenda likakaa wiki tatu bila neno. Liacheni lilipo.

Shule nazo zina kitu kinachofanana na hiki. Ziko shule, Kenya na Tanzania, zenye sanduku la maoni ambamo mwanafunzi hutumbukiza kikaratasi bila jina. Linafaa, ila kwa sharti moja: awepo mtu mzima anayeaminika anayelifungua, na wanafunzi waone kwamba kilichoandikwa kinafanyiwa kazi. Kwenye kikao kijacho cha wazazi, inafaa kuuliza: funguo za sanduku hilo anazo nani, na mara ya mwisho lilifunguliwa lini?

La tano, na pengine gumu, ni mzazi kuanza. Warren amesimulia kwamba kadi za watu zilimkumbusha jambo la utotoni mwake lililomwaibisha, ambalo hakuwahi kulisema. Aliwaeleza mkewe na binti yake, kisha akaliandika kwenye kadi na kujitumia mwenyewe kwa posta. Katika kila kitabu chake huweka pia kadi yake moja.

Mzazi anayejionyesha kuwa hajawahi kushindwa humfunga mtoto mdomo. Haimaanishi mtoto abebeshwe madeni ya nyumba au ugomvi wa baba na mama. Huo ni mzigo wa watu wazima. Lakini kusimulia siku ulipofeli mtihani ukaogopa kurudi nyumbani, au ulivyoonewa shuleni ukanyamaza, kunamwambia mtoto kwamba mambo hayo husemeka katika nyumba hii.

Siri isiyowekwa

Kuna ahadi moja ambayo mzazi asiitoe: "Niambie, sitamwambia mtu yeyote." Mtoto akishasema kwamba kuna mtu mzima anamgusa, au kwamba anafikiria kujiua, ahadi hiyo haitawezekana, na kuivunja kutamuumiza mara ya pili. Bora aambiwe mapema kwamba siri zake zitatunzwa, isipokuwa pale ambapo yeye au mwingine yuko hatarini. Hapo mtatafuta msaada, na mtautafuta pamoja.

Wazazi wengine huogopa kutaja neno kujiua wakidhani watampa mtoto wazo. Wataalamu wa afya, likiwemo Shirika la Afya Duniani, wanasema si hivyo. Kumuuliza mtu moja kwa moja, kwa utulivu, hakumsukumi. Mara nyingi humpa nafuu kwamba kuna aliyeona. Swali linaweza kuwa rahisi: "Mwanangu, je, umewahi kufika mahali ukaona ni heri usingekuwepo?" Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, ondoa karibu yake vitu vinavyoweza kumdhuru, na mfikishe kwa mhudumu wa afya siku hiyo hiyo.

Na kama mtoto bado anahitaji mtu baki, apewe mtu baki wa kuaminika. Namba 116 ni ya simu ya msaada kwa watoto Tanzania, Kenya na Uganda, na kuipiga ni bure. Anayepokea amefunzwa kusikiliza, na anaweza kuunganisha mtoto na msaada. Mzazi naye anaweza kuipiga. Iandikeni kwenye karatasi, ibandikeni mlangoni mwa jokofu au nyuma ya mlango wa chumba cha watoto, bila hotuba. Mtoto anayeikuta hapo anajifunza kwamba mzazi wake hana wivu na msaada wa mtu mwingine.

Kati ya kadi nusu milioni ambazo Warren alizizungumzia mwaka 2012, ipo moja iliyobandikwa stempu za zamani. Aliyeituma alieleza kwamba alizipata stempu hizo akiwa mtoto, na maisha yake yote alikuwa akisubiri apate mtu wa kumtumia. Hakuwahi kumpata. Mwishowe alizibandika kwenye kadi, akazituma kwa mtu asiyemjua huko Germantown.

Alipozipata alikuwa mtoto, na bila shaka alikuwa akiishi nyumbani kwa watu.